Kompyuta mpakato moja ya ofisini na nyumbani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi ndogondogo hapa Dar es Salaam. Kila anayetaka kununua laptopu, awe mhasibu, mwalimu au mjomba wa rafiki yangu, hunipigia simu, na mara nyingi anapiga akiwa ameshasimama dukani huku muuzaji anamkodolea macho. Majibu ya kupitia simu katikati ya kelele za Kariakoo hayatoshi. Nimeyaandika hapa ili mtu ayasome kabla hajapanda daladala.

Laptopu moja itatosha ofisini na nyumbani, au ninunue mbili?

Kwa wengi wetu moja inatosha. Ripoti, barua pepe, Excel, kikao cha mtandaoni, kisha jioni sinema na kazi za shule za watoto: hakuna hata moja kati ya hizo inayotaka mashine ya ajabu. Ukigawa fedha ya laptopu moja nzuri upate mbili, utapata mbili mbovu.

Isipokuwa kama mwajiri ameshakupa ya kwake. Hilo nitalirudia chini, maana lina mambo yake.

Nianze kuangalia nini kwanza?

Chukua karatasi uandike unachofanya kuanzia unapofika kazini hadi unapolala. Usiandike "kazi za ofisi", andika vitu vyenyewe: naandaa mishahara ya watu thelathini kwenye Excel, naingia mfumo wa TRA, nafungua PDF kumi za mikataba, nafanya kikao cha Zoom huku nikionyesha kioo changu, mwanangu anaangalia masomo YouTube. Halafu weka alama kwenye vile unavyovifungua kwa pamoja. Alama hizo ndizo zitakazokuambia unahitaji RAM kiasi gani, yaani kumbukumbu ya muda ya vitu ulivyovifungua. Chapa haikuambii.

Fedha yako igawe kwa mpangilio huu: kwanza diski ya SSD (diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka), pili RAM, tatu kibodi na kioo, nne betri, ndipo uje kwenye prosesa, ubongo wa mashine. Wauzaji hupanga kinyume kabisa, kwa sababu prosesa ina stika na kibodi haina.

Fundi, prosesa za Intel za i3, i5 na i7 zinatofautianaje? Si bora nichukue i7 nimalize?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Neno "i7" peke yake halikuambii kitu. Tazama tarakimu ya kwanza au mbili za kwanza baada ya kistari, ndizo zinazotaja kizazi cha prosesa. i5-8250U ni kizazi cha 8. i5-1135G7 ni kizazi cha 11. i7-4600U ni kizazi cha 4, teknolojia ya mwaka 2013, na bado utaikuta kabatini ikiuzwa kwa sifa ya "i7" kana kwamba imeshuka kwenye meli jana.

Kati ya kizazi cha 7 na cha 8 pana pengo kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Hadi kizazi cha 7, i5 za laptopu nyembamba zilikuwa na viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi kwa pamoja. Kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, kikaja na vinne. Ndiyo maana i5-8250U inaiacha mbali i7-7500U kwenye kazi nyingi, ingawa ile ya pili ina jina kubwa. Sababu nyingine ni Windows 11: kwa Intel, orodha rasmi ya prosesa inazozikubali inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kabla yake.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, prosesa za Ryzen ni nzuri na mara nyingi huuzwa nafuu kwa sababu tu watu hawaijui jina. Anzia Ryzen 5 3500U kwenda juu. Ukikutana na "Core Ultra 5" au "Core Ultra 7", hayo ni majina mapya ya Intel yaliyoanza mwishoni mwa 2023. Hizo hazina tatizo la uzee.

Usichotakiwa kununua kwa kazi ni prosesa za Celeron za aina ya N4020 na jamaa zake. Huwa ndani ya laptopu mpya, nyembamba, yenye rangi ya kuvutia, kwenye boksi lenye nailoni. Mtu anasaini mkataba wa malipo ya kidogokidogo akidhani amepata. Wiki ya pili ananipigia kuuliza kwa nini inaganda.

RAM kiasi gani?

GB 8 ndiyo sakafu, GB 16 ndiyo raha. GB 4 kwa kazi za leo ni kununua ugomvi: kivinjari chenye kurasa kumi na kikao cha Teams tu tayari imeelemewa.

Swali la muhimu kuliko kiasi ni kama inaongezeka. Kuna laptopu ambazo RAM imechomelewa kwenye ubao, na hapo ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. ThinkPad X1 Carbon iko hivyo, MacBook zote za sasa ziko hivyo. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili za kuchomeka, kwa hiyo unaweza kununua yenye GB 8 leo na mwezi wa mshahara mzuri ukaongeza. Kuhakikisha bila kufungua mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, bofya kumbukumbu. Itakuandikia nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi.

SSD ni lazima? Mimi nimepata yenye terabaiti nzima ya hadidiski.

Ni lazima. Hadidiski ya laptopu husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na afya. SSD ya kawaida ya SATA hufika 550, na nyingi za NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, huzidi 3,000. Tofauti hiyo unaiona asubuhi. Kuna ofisi moja niliyokuta katibu anawasha kompyuta, anakwenda kununua chai na maandazi, anarudi, na bado inazungusha duara. Tulibadilisha diski tu, mashine ileile, RAM ileile. Sasa chai anakunywa baadaye.

Kiasi: GB 256 zinamtosha anayeandika na kuhesabu. Ukiwa na picha na video za familia, chukua 512. Terabaiti ya hadidiski inunue pembeni, kwenye kasha la nje, uitumie kuhifadhi nakala.

Mtego mmoja: laptopu za bei ya chini kabisa huandikwa "GB 64 eMMC". Hiyo si SSD, ni ndugu wa memori kadi, na imechomelewa. Windows 11 inataka GB 64 kama kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo ukishaiweka na masasisho yakaingia mara mbili tatu, nafasi imekwisha.

Mpya au mtumba?

Nitasema msimamo wangu wazi: kwa fedha ile inayonunua laptopu mpya ya plastiki yenye Celeron, mimi nachukua mtumba wa daraja la ofisi, siku yoyote.

Kampuni za Ulaya na Marekani hununua laptopu kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa pamoja. Hizo ndizo zinazopita mikono mingi, nyingi zikipitia Dubai, na kufika kwetu. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeandika saa nane kwa siku na kuitupia mashine kwenye begi. Bawaba zake ni za chuma. Kibodi zake hubonyezeka, na nyingi zina mifereji ya kutolea maji yakimwagika. Zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake vimejaa kwa sababu mashine zenyewe zimejaa. Majina ya kutafuta ni matatu: ThinkPad za mfululizo wa T na X za Lenovo, Latitude za Dell, na EliteBook za HP. Majina mengine ya kampuni hizohizo, yale ya bei ya chini, ni ya nyumbani, na bawaba zake huvunjika pembeni ya kioo kabla prosesa haijazeeka.

Kwa anayeanza kutafuta: ThinkPad T480 au T490, Latitude 7490 au 7400, EliteBook 840 G5 au G6. Lakini angalia prosesa yenyewe, usiangalie jina la modeli peke yake. T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 zilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Mpya ina hoja zake pia. Betri haijachoka, dhamana ni ya kiwandani, kamera ni bora. Kama ofisi yako ndiyo inalipa na inataka ankara na dhamana ya miaka mitatu, nunua mpya ya daraja lilelile. Kama fedha ni yako na haijai, soma swali linalofuata mara mbili.

Nikiwa dukani nikague nini?

Nenda mchana, nenda na flashi, nenda na simu yenye bando. Na usiwe na haraka. Muuzaji mwenye mali safi hakufukuzi ukikaa nusu saa.

Kabla hata ya kuiwasha, ishike pembe moja uinyanyue. Ikilia au ikipinda, iache. Fungua na ufunge kioo taratibu. Bawaba iwe ngumu kidogo, isidondoke yenyewe. Geuza chini uangalie skurubu: zikiwa pungufu au zimelika vichwa, kuna kishoka alishaingia humo. Tazama kama sehemu ya kuwekea mikono imevimba au kipanya cha mguso hakibonyezeki. Uvimbe huo ni betri inayotuna, na betri iliyotuna hatuijadili bei, tunaondoka.

Iwashe. Bonyeza kila kitufe cha kibodi huku umefungua sehemu ya kuandikia, kila kimoja, pamoja na vile usivyovitumia. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo: utaona madoa ya njano na alama za vitufe vilivyokandamiza. Kisha mweusi, uone taa inayovuja pembezoni. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Washa kamera. Rekodi sauti yako uisikilize. Ungana na Wi-Fi ya simu yako uende nayo hatua kumi.

Sasa betri. Fungua cmd, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua faili itakayokuonyesha. Humo kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa kujaa leo. Ya pili ikiwa chini ya asilimia 70 ya ya kwanza, toa bei ya betri mpya kwenye mazungumzo. Muuzaji akikuambia "betri inakaa saa nne, bosi", hiyo namba ndiyo jibu lake.

Halafu andika slmgr /xpr. Ikikuletea tarehe ya kuisha muda, Windows hiyo si yako. Laptopu hizi za ofisi kwa kawaida zilikuja na leseni ya Windows Pro ndani ya ubao wake, kwa hiyo mtu aliyeweka ya kuchakachua mara nyingi hakuwa na haja hata.

La mwisho, na hili limewaliza watu: kufuli ya kampuni ya zamani. Dada mmoja aliniletea laptopu safi kabisa aliyoitumia miezi miwili. Ilipopata virusi akaamua kuirudisha kama mpya, ikawaka, ikaungana na intaneti, na kioo kikamkaribisha kwa jina la kampuni ya Ujerumani kikimtaka aingie kwa barua pepe ya kazini. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwao. Aliyemuuzia aliiandaa bila intaneti ili hilo lisionekane. Dawa ni moja: mwambie muuzaji airudishe kiwandani mbele yako na aiunganishe na intaneti hatua ya kwanza kabisa. Akikataa, umeshapata jibu. Ingia pia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uone kama inaomba nenosiri. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenye zamani imetolewa. Ikibaki, umenunua sinia.

Ukimaliza, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye namba ya utambulisho ya laptopu hiyo. Si kwa ajili ya TRA tu. Siku polisi wakikuuliza laptopu umeitoa wapi, "nilinunua kwa jamaa pale kona" si jibu litakalokupeleka nyumbani mapema.

Kuna kijana amenipokea mlangoni akasema atanipeleka duka la bei nzuri. Nimfuate?

Huyo ni winga. Anatafuta riziki yake, na simlaumu, ila riziki hiyo inatoka mfukoni mwako: anaongeza cha juu juu ya bei ya duka, na duka alilokupeleka huenda lisimjue kesho ukirudi na tatizo. Kama unamhitaji kwa sababu hujui mitaa, kubaliana naye kabisa kiasi chake, na risiti itoke kwa mwenye duka.

Kibodi ina herufi za ajabu, Z na Y zimebadilishana. Ni mbovu?

Si mbovu, ni ya Ujerumani. Za Ufaransa zina A pahali pa Q. Windows unaweza kuiambia ifuate mpangilio wa Kiingereza, na vitufe vitatii, ila maandishi yaliyochapwa juu yake yatabaki ya Kijerumani. Anayeandika bila kuangalia hapati shida. Anayetafuta herufi kwa kidole kimoja atateseka. Kuna stika za kubandika. Baada ya miezi ya jasho la Dar hubanduka. Mimi hutumia kibodi hizo kuombea punguzo, maana wanunuzi wengi huzikwepa.

Kioo cha ukubwa gani?

Inchi 14. Ya inchi 15 ni nzuri mezani na mbaya kwenye mwendokasi saa moja asubuhi. Kama macho yanakusumbua au unaishi ndani ya Excel, nunua 14 halafu weka skrini ya mezani ya mtumba nyumbani. Utapata eneo kubwa kwa fedha kidogo. Msongo wa picha uwe 1920 kwa 1080. Zipo bado zinazouzwa na 1366 kwa 768, ambazo safu za Excel hazitoshi na kila kitu kinasogezwa.

Ukikitazama kioo kwa pembeni rangi zikageuka kama picha ya hasi, hicho ni kioo cha TN. Tafuta cha IPS.

Umeme wetu huu hautaiua? Na chaja?

Chaja za laptopu karibu zote zimeandikwa 100–240V, kwa hiyo hata iliyotoka Marekani inafanya kazi kwenye 230V yetu bila transfoma. Unabadilisha waya wa plagi tu upate wa miguu mitatu. Adapta ya kuchomeka juu ya adapta ndiyo inayoleta cheche.

Umeme kukatika si tatizo kwa laptopu, ina betri. Tatizo ni unavyorudi, unarudi kwa kishindo. Kilinzi cha umeme kama kile unachowekea friji ni fedha ndogo ukilinganisha na ubao mzima.

Kama unaweza, chukua mashine inayochaji kwa USB-C. Chaja moja ya wati 65 itachaji laptopu na simu, na ukiisahau ofisini utaazima kwa jirani. Lakini chaja ya elfu chache ya barabarani usiichomeke kwenye mashine uliyoihangaikia mwaka mzima.

Yangu ni ya Windows 10 na inafanya kazi vizuri. Nibadilishe?

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimi, ila haipokei tena masasisho ya usalama, isipokuwa umejiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza, ambao kwa watu wa nyumbani unafika Oktoba 2026. Kama prosesa ni kizazi cha 8 au zaidi, hamia Windows 11 na tumalize. Kama ni ya chini ya hapo, usiingie benki kwa hiyo mashine. Ama weka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ama ianze kujiandaa kustaafu.

Anayenunua leo mtumba wa kizazi cha 6 "kwa sababu ni bei poa" ananunua mashine iliyokwisha kufungiwa mlango. EliteBook 840 G3 ni nyingi mno sokoni kwa sababu hiyohiyo.

Windows, Mac au Linux?

Kama ofisi yenu inatumia Tally, programu ya uhasibu, au mfumo wowote wa zamani uliotengenezwa kwa Windows, jibu limeshatoka.

MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 bado ni mashine tamu: haina feni, haipigi kelele, betri inakaa siku nzima. Lakini ya GB 8 itabaki GB 8, na ikiharibika kioo, bei yake itakufanya ukae chini kwanza. Linux Mint naipenda na ninaitumia mwenyewe. Kwa mtu anayefanya kila kitu kwenye kivinjari inamtosha kabisa. Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, sizishauri kwa ofisi za huku, kwa sababu bila intaneti zinapungukiwa na mengi, na za mtumba nyingi zimekaribia mwisho wa masasisho yake.

Office ya bure ya fundi ina ubaya gani?

Ile "ya bure" imewekwa na programu ya kuvunja leseni, na ili ifanye kazi mtu alizima antivairasi yako. Umempa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba kwa sababu amekubebea kiti. Ofisini ni mbaya zaidi, kwa sababu humo mna mishahara na namba za akaunti za watu.

LibreOffice haina gharama na inafungua faili za Word na Excel. Shida yake huwa kwenye faili zenye makro na mapambo mengi. Microsoft 365 ya familia inatumiwa na watu hadi sita, kila mmoja na terabaiti yake ya kuhifadhia. Ndugu sita wakichangishana, haiumi.

Watoto nao wataitumia. Nifanyeje?

Fungua akaunti ya pili ya Windows, isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na hiyo ndiyo yao. Yako iwe na nenosiri ambalo hawalijui, na usijidanganye, PIN ya 1234 wanaijua. Dakika kumi hizo zitakuepusha na siku ambayo mtoto anatafuta gemu, anabofya kitufe cha kijani kinachometameta, na faili za ofisi zinafungwa kwa madai ya dola.

Mkeo au mumeo naye awe na akaunti yake. Si suala la siri, ni suala la barua pepe ya bosi kutumwa kwa bahati mbaya kutoka kwa mtu mwingine.

Laptopu ni ya mwajiri. Naweza kuangalia sinema nayo?

Soma sera ya ofisi yenu. Mara nyingi wanaona ulichoweka na wanaweza kuifuta kwa mbali, pamoja na picha zako za harusi. Mimi nashauri mambo ya nyumbani yasikae humo kabisa.

Kinyume chake kina uzito zaidi: faili za wateja wa ofisi kwenye laptopu yako binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Ukipoteza begi lenye orodha ya wagonjwa au wakopaji, jambo haliishii kwenye laptopu. Kwa hiyo washa usimbaji wa diski, ili asiye na ufunguo asisome kilichomo. Windows Pro inao, unaitwa BitLocker, na ufunguo wake wa akiba uuchapishe uuweke kabatini.

Bando langu linaisha nikiunganisha laptopu na simu. Imekula nini?

Masasisho ya Windows, na picha zako zinazopanda OneDrive kimyakimya. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, chagua jina la Wi-Fi ya simu yako, washa chaguo la muunganisho unaopimwa. Windows itaahirisha mengi mpaka upate Wi-Fi ya ofisini.

Vipi kuhusu kamera ya vikao?

Laptopu za kabla ya mwaka 2021 nyingi zina kamera hafifu. Kaa ukiangalia dirisha, lisiwe nyuma yako, na tumia spika za masikioni zenye maikrofoni. Watu watakusamehe picha, hawatakusamehe mwangwi.

Na gemu?

Mashine ya gemu ni nzito, ina chaja kama tofali na betri ya saa mbili. Mnunulie kijana yake.

Ninaishi Tanga. Pwani inaiharibu?

Taratibu, ndiyo. Hewa ya chumvi hula matundu ya USB na viungo vya ubao, na ukiiweka mbele ya dirisha lililo wazi usiku unaisaidia. Ifunike ikipumzika, na mara moja kwa mwaka fundi aifungue apulize vumbi na abadilishe mafuta ya kupooza prosesa. Usiitumie juu ya godoro. Matundu ya hewa yako chini, na godoro linayaziba.

Nimeshanunua ile Celeron ya GB 4. Nimekwisha?

Hujaisha. Kwanza ifungue, au mpe fundi aifungue: baadhi zina nafasi tupu ya kuongezea SSD au RAM ambayo muuzaji hakuijua. Ikiwepo, ongeza. Isipokuwepo, zima programu zote zinazojiwasha zenyewe, tumia kivinjari kimoja na kurasa chache, na fikiria Linux Mint ya Xfce, inayoridhika na kidogo. Kwa kuandika barua, kusoma PDF na masomo ya mtoto itakusogeza. Mishahara ya Excel na Zoom kwa pamoja usiijaribu. Na kama bado uko ndani ya siku za kurudisha, acha kusoma, chukua boksi na risiti, nenda sasa hivi kabla duka halijafungwa.